Ndege ya mfano: maana, ngeli na matumizi

ndege ya mfano *nm* [i-/zi-] (wingi: *ndege za mfano*). Ndege ndogo iliyoundwa kwa kufuata umbo na uwiano wa vipimo vya ndege halisi, yenye uwezo wa kuruka, na inayoongozwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliyesimama ardhini. Jina kamili, linalofaa katika maandishi ya kiufundi, ni *ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio*.

Kwa nini istilahi hizi zinahitaji uangalifu

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri kijikaratasi cha maelekezo kwa ajili ya vijana wachache wa Buhemba, katika Wilaya ya Butiama mkoani Mara. Walikuwa wamepewa ndege mbili za mfano zilizokwisha kutumika, pamoja na rimoti zake za zamani. Katika tafsiri yangu niliandika: “Kabla ya kurusha, kila mmoja athibitishe masafa yake.” Vijana wakapima hatua hamsini baina yao, wakasimama mmoja huku na mwingine kule, kisha wakarusha ndege ya kwanza. Rimoti ya pili ilipowashwa, ndege iliyokuwa angani iliacha kutii. Iliinamisha pua na kuanguka hatua chache kutoka mahali walipokaa watoto waliokuja kutazama.

Hakuna aliyeumia. Lakini kosa halikuwa la vijana wale. Walitii maelekezo kama yalivyoandikwa, na aliyeyaandika ni mimi. Neno *masafa* lina maana mbili, nami nilikuwa na moja tu akilini. Makala haya yanapitia maneno ya uwanja huu ambayo humponza mfasiri, na kupendekeza namna ya kuyatumia ili msomaji mwenye rimoti mkononi asilazimike kubahatisha.

1. Jina: kwa nini “ya mfano”

Mfasiri hukutana na majina kadhaa yanayoshindania nafasi hii. Kila moja lina kasoro yake.

*Mfano wa ndege.* Mpangilio huu huleta utata, kwa kuwa msomaji wa kawaida huuelewa kama “ndege mojawapo itajwayo ili kufafanua hoja”. Sentensi “Bombardier ni mfano wa ndege iendeshwayo kwa rafadha” haizungumzii kitu kidogo cha kuundwa nyumbani. Nomino kuu itangulie: *ndege ya mfano*.

*Ndege ya kuchezea.* Jina hili lihifadhiwe kwa kitu cha mtoto. Ndege ya mfano inaweza kuwa na mabawa ya mita mbili na uzito wa kilo saba, na rafadha yake inaweza kukata kidole. Kuiita ya kuchezea ni kumwondolea msomaji tahadhari aliyoihitaji.

*Kidege.* Umbo hili la udogo hurejelea zaidi ndege mdogo mwenye manyoya. Katika fasihi linapendeza, lakini katika maelekezo ya kiufundi linapotosha.

*Ndege bandia.* Neno *bandia* hubeba dhana ya udanganyifu au ya kitu kinachoshika nafasi ya kile cha asili, kama katika *noti bandia* au *meno ya bandia*. Ndege ya mfano haimdanganyi mtu. Inaruka kwa kanuni zilezile za hewa zinazoirusha ndege kubwa.

*Modeli.* Neno hili limezoeleka kwa maana ya toleo la bidhaa, hasa gari. “Modeli ya ndege hii” itaeleweka kuwa ni toleo la kiwandani.

2. Ngeli na upatanisho

Nomino *ndege* hugawanyika kwa upatanisho. Kiumbe huchukua upatanisho wa A-WA: *ndege ametua mtini, ndege wametua mtini*. Chombo huchukua upatanisho wa I-ZI: *ndege imetua Musoma, ndege zimetua Musoma*. Ndege ya mfano ni chombo, hata ikiwa imeundwa kwa umbo la tai.

Siyo: *Ndege wa mfano amepaa kutoka uwanja wa mpira wa Buhemba.*
Bali: *Ndege ya mfano imepaa kutoka uwanja wa mpira wa Buhemba.*

Inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kilikuwa na njia nyingine. Neno *tiara*, ambalo kwetu ni kishada cha karatasi kirushwacho kwa uzi, linatokana na Kiarabu, na katika lugha hiyo neno hilohilo hutumika pia kwa eropleni. Kiswahili kilikiachia kishada neno la mkopo, na chombo cha angani kikapewa jina la kiumbe kirukacho. Ndiyo maana kazi ya kutofautisha viwili hivyo imebaki kwa kiambishi cha upatanisho, na mwanafunzi anayekidharau hupoteza taarifa nzima.

3. Kipimo, skeli na uwiano

Kinachoitofautisha ndege ya mfano na ndege nyingine ndogo ni uaminifu wa vipimo vyake. Maneno *kipimo* na *skeli*, yanayojulikana katika masomo ya ramani, yote yanafaa, mradi mwandishi achague moja na kulishikilia. Uwiano huandikwa 1:8 na kusomwa “moja kwa nane”: sentimita moja ya ndege ya mfano inasimama badala ya sentimita nane za ndege halisi.

Siyo: *Ndege hii ni mara nane ndogo kuliko ndege halisi.*
Bali: *Kila urefu wa ndege hii ni sehemu moja ya nane ya urefu wa ndege halisi.*

Tofauti ya sentensi hizi inazidi ufasaha. Chukua Cessna Caravan, ndege yenye injini moja inayoonekana mara kwa mara katika viwanja vya udongo vya hifadhi ya Serengeti. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 15.88. Kwa skeli ya 1:8 yatakuwa karibu mita mbili. Lakini eneo la mabawa halipungui kwa nane. Linapungua kwa nane mara nane, yaani linakuwa sehemu moja ya 64. Ujazo unapungua kwa nane mara nane mara nane, yaani sehemu moja ya 512. Tukichukulia kwamba ndege halisi ina kilo 3,600 inapopaa, ndege ya mfano iliyofuata uwiano huo itakuwa na kilo saba hivi. Mfasiri aliyeandika “mara nane ndogo” bila kutaja ni ndogo kwa nini, humwacha mwundaji akitafuta kilo 450.

4. Vitenzi vya kazi: kuunda, kuunganisha, kugeuza

*Kuunda.* Hiki ndicho kitenzi cha asili kwa chombo. Mafundi wa pwani huunda jahazi, nao waashi hujenga nyumba. Ndege ya mfano inayoanzia kwenye mchoro na vipande vya mti mwepesi huundwa.

*Kuunganisha.* Kitumike pale sehemu zinapotoka dukani zikiwa tayari, na kazi ya mwenye ndege ni kuzishikamanisha.

*Kurekebisha, kubadilisha, kugeuza.* Vitenzi hivi havilingani. *Kurekebisha* hudokeza kwamba palikuwa na kasoro. *Kubadilisha injini* ni kuondoa moja na kuweka nyingine. Kazi ya kuifanya ndege iliyotumia injini ya mafuta iruke kwa mota na betri ielezwe kwa *kugeuza*: “Aliigeuza ndege ya mafuta kuwa ya umeme.” Msomaji ataelewa kwamba si kipande kimoja tu kilichoguswa, nayo ndiyo hali halisi, kwa sababu betri inapochukua nafasi ya tangi uzito wa ndege huhama, na mahali inapolingania pahitaji kupimwa upya.

Kwa viungo vya ndani vya ndege, lugha ya mabaharia ina akiba inayostahili kufikiriwa. Vipande vinavyolipa bawa umbo, vilivyopangwa kama mbavu, vinaweza kuitwa *mataruma* (umoja: *taruma*), jina la mbavu za chombo cha baharini. Kipande kirefu kinachobeba uzito kutoka shina la bawa hadi ncha ni *mhimili wa bawa*. Kwa chombo kizungukacho puani, kamusi zina *rafadha* na *pangaboi*. La kwanza linafaa zaidi katika maandishi rasmi, kwa kuwa la pili hutumika pia kwa feni ya nyumbani.

*Usukani* ni neno lililokwenda safari ndefu na kurudi nyumbani. Katika jahazi, usukani ni ubao wa tezini unaokatisha maji na kukigeuza chombo. Katika gari likawa gurudumu la mikononi mwa dereva. Katika ndege ya mfano linarejea kwenye maana yake ya kwanza, yaani ubao wa wima wa mkiani unaoigeuza pua kushoto au kulia. Kwa kuwa msomaji wa leo ataanza na picha ya gari, iandikwe *usukani wa mkiani* inapotajwa mara ya kwanza.

5. Upana au urefu wa bawa?

Hapa pana mtego mkubwa. Watu wengi husema *upana wa mabawa* wakimaanisha umbali kutoka ncha moja hadi nyingine. Wengine hutumia maneno hayohayo kwa umbali kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi ukingo wa nyuma. Vipimo hivi viwili haviwezi kubadilishana nafasi, kwani cha pili ndicho kinachotumika kutafuta mahali ndege inapopaswa kulingania.

Napendekeza: *urefu wa mabawa, ncha hadi ncha* kwa kipimo cha kwanza, na *upana wa bawa, ukingo hadi ukingo* kwa cha pili. Mifano:

*Urefu wa mabawa, ncha hadi ncha, ni sentimita 160.*
*Upana wa bawa, ukingo hadi ukingo, ni sentimita 24.*

Katika ndege nyingi za muundo wa kawaida, kitovu cha uzito huwekwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kuanzia ukingo wa mbele. Kwa bawa la sentimita 24, hiyo ni sentimita sita hadi nane. Mwundaji huiegemeza ndege kwenye ncha za vidole viwili katika sehemu hiyo. Ikilala sawa au ikiinamisha pua kidogo, inafaa. Ikishusha mkia, isirushwe, kwa maana ndege yenye mkia mzito ni ngumu mno kuiongoza. Robo ya sentimita 160 ni 40. Aliyeelewa *upana* kuwa ni ncha hadi ncha ataitafuta alama hiyo nje ya bawa lenyewe.

6. Kuruka, kurusha, kupaa, kutua

*Kuruka* hutumika kwa ndege yenyewe na *kurusha* kwa mtu. Tatizo ni kwamba *kurusha* humaanisha pia kutupa. Pale ndege inapoanzishwa mkononi badala ya kukimbia ardhini, iandikwe wazi: *kurusha kwa mkono*. Tendo zima la kuiendesha ikiwa angani liitwe *kuongoza*.

*Kupaa* ni kuacha ardhi na kwenda juu. *Kutua* huweza kuchukua yambwa, jambo ambalo baadhi ya wahariri hulisahihisha bila sababu. Kama mchukuzi anavyotua mzigo, ndivyo rubani anavyotua ndege: *Aliitua ndege taratibu kwenye nyasi.* Ikigusa ardhi na kurudi juu kidogo, *ilidunda*. Tusiseme *iliruka*, kwani hapo msomaji hatajua kama ndege ilianza safari au ilikuwa inaimaliza.

Mtego mwingine ni *kuzima*. Kiingereza hutumia neno moja kwa injini inayokata na kwa bawa linaloacha kubeba kwa sababu pua imeinuliwa kupita kiasi au mwendo umepungua. Mfasiri wa haraka huandika “ndege ilizima” kwa yote mawili. Tiba za hali hizi zinatofautiana. Injini ikizimika, rubani hutafuta mahali pa kutua. Bawa likiacha kubeba, hushusha pua kwanza ili mwendo urudi. Basi ziandikwe *injini ilizimika* na *bawa liliacha kubeba*, kila moja mahali pake.

7. Kushoto kwa nani?

Ndege ya mfano ikielekea mbali na rubani, kushoto kwake na kushoto kwa ndege ni upande mmoja. Ikigeuka na kumjia, pande hupishana: akisukuma kijiti kushoto, yeye huiona inakwenda kulia. Wanaoanza huangusha ndege nyingi hapa. Kiswahili kina njia rahisi ya kuondoa utata, nayo ni kutaja mwenye upande.

Siyo: *Ikiinamia kushoto, sukuma kijiti upande wa pili.*
Bali: *Ndege ikikujia na bawa moja likashuka, sukuma kijiti kuelekea upande ule unaoliona bawa lililoshuka.*

Sentensi ya pili ni ndefu, lakini inaweza kutekelezwa na mtu mwenye sekunde mbili za kufikiri.

8. Masafa

Kamusi hulipa neno *masafa* maana ya umbali kati ya mahali na mahali, na vilevile maana ya idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, kama tusikiavyo redioni: *masafa ya FM*. Katika urushaji wa ndege za mfano dhana zote mbili zipo, tena zinakaa karibu.

Rimoti za zamani zilitumia masafa maalumu, kwa mfano ya megahezi 72 nchini Marekani na megahezi 35 nchini Uingereza, yaliyogawanywa katika njia nyembamba. Watu wawili wakiwasha rimoti za njia moja, kipokezi kilichomo ndani ya ndege hakiwezi kujua amtii nani. Hatua hamsini hazisaidii, wala mia mbili. Kwa sababu hiyo vikundi vya warushaji vilizoea kuwa na ubao wenye vibanio vyenye namba za njia, na asiyeshika kibanio cha njia yake hakuruhusiwa kuwasha. Rimoti za kisasa za gigahezi 2.4 hutambuana na kipokezi chake kwa alama maalumu na kuepuka mgongano huo, lakini vifaa vya zamani bado hupita kutoka mkono hadi mkono.

Pendekezo: katika maandishi ya uwanja huu, *masafa* lihifadhiwe kwa mawimbi, likifuatwa na *ya redio* linapotokea mara ya kwanza katika kila sehemu. Urefu kutoka rimoti hadi ndege uitwe *umbali* daima.

9. Rubani yupo

Vyombo vya habari hutumia *droni*, *ndege nyuki* na *ndege isiyo na rubani*. Mawili ya kwanza yana uhusiano: neno la Kiingereza lililozaa *droni* ni jina la nyuki dume, na mwaka 1935 Uingereza ilirusha ndege iliyoongozwa kwa redio, iliyotumika kama shabaha ya mazoezi ya mizinga, ikaitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Katika nchi yetu jina *ndege nyuki* limepata maana ya ziada. Wahifadhi katika maeneo ya Tarangire na Serengeti wamejaribu kutumia droni ndogo kuwarudisha tembo wanaokaribia mashamba, na mvumo wake ukafananishwa na wa nyuki, ambao tembo huwaogopa. Upatanisho wa *ndege nyuki* ni wa I-ZI.

Ndege ya mfano na ndege nyuki si kitu kimoja. Ndege nyuki nyingi hujisawazisha zenyewe na zinaweza kufuata njia iliyopangwa kabla. Ndege ya mfano ya kawaida hutegemea vidole vya mtu tangu kupaa hadi kutua.

Jina la tatu ndilo linalohitaji tahadhari zaidi. Baada ya ajali niliyoieleza, kijana mmoja aliniuliza: “Shikamoo, Mwalimu. Kama hii ni ndege isiyo na rubani, ikimwangukia mtu anaulizwa nani?” Sikuwa na jibu zuri, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limekwisha kumwondoa wa kuulizwa.

*Rubani* ni neno la bahari kabla ya kuwa la anga. Ni mjuzi wa maji na miamba aliyekiongoza chombo kipite salama, hata kama chombo hakikuwa chake. Kilichomfanya rubani ni kuongoza, na mahali alipokaa halikuwa sharti. Anayeiongoza ndege akiwa amesimama kwenye nyasi ni rubani kamili. Istilahi za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinakubaliana na fikra hii, kwa kuwa zinatambua ndege inayoongozwa na rubani aliye mbali. Jina la Kiingereza la kanuni za Tanzania za mwaka 2018 kuhusu vyombo hivi nalo limefuata njia hiyo.

Siyo: *ndege isiyo na rubani*
Bali: *ndege inayoongozwa na rubani aliye mbali*, au kwa ufupi *ndege isiyo na rubani ndani yake*.

Mwalimu anayeandaa zoezi, au mfasiri wa maelekezo, aongeze pia kwamba rubani huyo anawajibika kupata maelezo ya vibali kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya kurusha. Sentensi hiyo haiwezi kuandikwa vizuri bila neno *rubani*.

Hitimisho

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969. Ikiwa yeye hakuona haya kurudia kazi yake, mtafsiri wa kijikaratasi hana udhuru. Sentensi yangu ya Buhemba sasa inasomeka hivi:

*Kabla ya kuwasha rimoti, waulize wenzako wanatumia masafa gani ya redio. Mkiwa na masafa ya namna moja, arushe rubani mmoja tu. Mwingine aache rimoti yake imezimwa mpaka ndege ya kwanza itue, hata kama umbali kati yenu ni mkubwa.*